Betri mgongoni, bidoni miguuni

Mimi ni mtu wa makelele. Huku mtaani kwetu Kabondo majirani wanasema nikiuliza chumvi iko wapi, watu wa ng'ambo ya mto ndio wanajibu. Sikatai. Mama yangu alinizaa hivyo, na mume wangu alinioa masikio yake yakiwa mazima. Ndiyo maana siku ninayoieleza hapa inanitetemesha hadi leo: ilinibidi niogope kimya.

Tulikuwa tunashuka mto kwenda Isangi na baleinière, yale maboti marefu ya mbao yanayobeba kila kitu, kumwonyesha mama mkwe mjukuu wake. Mtoto alikuwa hajaanza hata kutambaa, na alikuwa na madeko yake: halali bila muziki. Si kuimba kwangu, la! Alitaka ka-MP3 ka baba yake, kadogo kama kiberiti, kenye spika yake ndani. Shida ni kwamba betri yake ilikuwa kama ukucha. Nyimbo chache tu, imekufa, na mtoto juu.

Mume wangu ni mtu wa kufunguafungua vitu. Kabla ya safari akachukua betri pana ya simu iliyokufa, akaibandika nyuma ya ka-MP3, akaunganisha nyaya kwa msumari aliouchoma kwenye mbabula, jiko langu la makaa, akazungushia utepe wa skochi. Kichwani mwa ile betri kulikuwa na kakibao ka kijani kanakokata umeme betri ikijaa au ikipata shida. Kakikata, muziki unanyamaza.

"Haka kakibao kanaleta kiburi," akasema, akakang'oa na koleo. "Sasa itaimba mpaka Isangi."

Na kweli iliimba. Nilimsifu hata mbele ya dada zake.

Mimi niliogopa tangu bandarini, maana sijui kuogelea. Ndani ya lile boti tulikaa juu ya bidoni, madumu ya petroli. Bidoni za njano, zimepangwa kutoka mbele hadi nyuma, na juu yake watu, magodoro, mbuzi, na mama mmoja aliyekuwa anapika pondu, majani ya muhogo, kwenye mbabula. Ndiyo, makaa juu ya petroli! Ukisema kitu wanakujibu, "Mungu iko." Haya, Mungu yuko, lakini petroli nayo iko.

Mume wangu alikuwa ameshakuwa rafiki ya kapiteni. Asubuhi yote ka-MP3 kalikunywa jua kule nyuma, kamechomekwa moja kwa moja kwenye paneli ya sola ya kapiteni. Mchana mtoto akaanza kulia. Nikaletewa kale kachombo, nikakafunga ndani ya kitenge, kati ya tumbo lake na mgongo wangu. Akalala palepale.

Tulipokwisha kupita Yanonge nikasikia joto mgongoni. Nikajua amekojoa. Lakini mkojo unapoa, na hili lilikuwa linapanda. Basi ni homa, nikasema moyoni, ni malaria, na hapa katikati ya mto nitampeleka kwa daktari gani? Nikapeleka mkono nyuma. Paji la uso, baridi. Miguu, baridi. Mkono ukaingia katikati, ukakutana na ile betri.

Ilikuwa imevimba kama mkate wa mafuta, skochi imekaza, na moto wake haushikiki. Harufu tamu ilikuwa imeanza kutoka, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Eh Mungu wangu! Mdomo ukafunguka wenyewe.

Nikaufunga. Kila mtu wa mto huu anajua kwamba mara nyingi boti linauawa na ukelele. Mtu mmoja akilia "Moto!", wote wanakimbilia upande mmoja, boti linalala ubavu, kwisha. Tumelia matanga ya namna hiyo. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu.

Sikuweza kufungua kitenge pale nilipokaa. Ile betri ingedondoka kati ya bidoni, nani angeitoa? Nikasimama. Pardon mama, pardon papa, nikaruka miguu ya watu, huku mgongo unaungua na mtoto ameamka anapiga kelele.

"Mutoto iko na nini?" akauliza mama wa pondu.

"Anataka hewa," nikajibu, nikacheka. Mimi, nilicheka!

Ukingoni nikamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, nikafungua kitenge kwa mwingine. Ka-MP3 kakadondoka majini, moshi mweupe ukatoka, na kakazama kakiimba. Kwenye tumbo la mtoto kulibaki alama nyekundu ya pembe nne.

Mume wangu akanikuta pale, ameshika sahani ya kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki. "Mama, ile chombo iko wapi?" Nikamwonyesha tumbo. Akaangalia, akaelewa, akamgusa mtoto kichwani. Halafu akageuka kutazama nyuma ya boti, na uso wake ukawa majivu.

"Chombo ya muziki ya kapiteni," akanong'ona. "Nilimutengenezea yake pia. Vilevile. Nilitoa kakibao."

Ndipo niliposikia. Kule nyuma, juu ya bidoni, wimbo ulikuwa unalia. Ulilia tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nautikisia kichwa.

Akaniwekea sahani miguuni, akajifuta jasho, akaenda. Alitembea polepole anatabasamu, kama mtu anayekwenda kumsalimia mkwewe. Mimi nilibaki nasikiliza. Wimbo ukiendelea, basi bado haijapasuka. Usiishe, nilikuwa naomba, usiishe. Ukakatika katikati ya neno.

Motor tu ikasikika. Sikuthubutu kugeuka.

Kisha sauti ya kapiteni: "Imbécile! Fundi gani weye! Unatupa chombo yangu mu maji?"

Alimtukana mpaka Isangi, kwa Kiswahili, kwa Lingala, kwa Kifaransa. Mume wangu hakueleza kitu; angeeleza, wote wangesikia. Alijibu "Pardon, papa" tu, na vidole vyake alivificha kwapani, maana vilikuwa vimeungua. Mimi niliyegombana na nusu ya Kabondo kwa sababu ya neno moja baya juu ya mtu huyu, niliinamisha kichwa nikanyamaza.

Mtoto alilia njia nzima. Watu wakaniambia, mama, munyonyeshe, mubembeleze, anatupasua masikio. Nilimshika tu. Nilimwacha alie kwa ajili yetu sote watatu.