Gari Lililosukumwa na Baba Mkubwa

Kwa miaka saba tuliliwasha gari la baba kwa kulisukuma. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulilitoa langoni, tukalisogeza hatua kama thelathini hadi pale barabara ya mtaa wetu, hapa Uvira, inapoanza kuteremka kuelekea ziwani, kisha mteremko ukalichukua. Baba aliachia klachi, ile tunayoiita embreyaji, moshi ukatoka, na mimi nikakimbia nyuma yake na viatu mkononi ili nipande kabla halijafika kona. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwalimu anayekimbiza gari pekupeku mbele ya wanafunzi wake hahitaji adui mwingine.

Wasukumaji tulikuwa watatu: mimi, mama, na baba mkubwa, yaani kaka yake baba, ambaye nyumba yake inatazamana na yetu. Mimi na mama tulikuwa wa kupamba tu. Mwenye nguvu alikuwa yeye. Alikuwa akisikia demareri, yaani stata ya gari, ikikohoa mara mbili, anatoka na taulo begani na povu la sabuni bado sikioni, anaweka viganja viwili nyuma ya gari, anasukuma, halafu anarudi kwake kumalizia kunawa. Hakumsalimu baba. Baba naye hakumshukuru.

Walikuwa wamenuniana tangu kifo cha bibi. Bibi alipofariki, baba mkubwa alikuwa Kalemie kikazi. Alipanda boti siku ileile, lakini upepo uliwazuia njiani. Baba huku alikuwa na msiba mikononi, joto kali, na watu wanaomuuliza kila dakika mazishi ni saa ngapi. Akaamua wazike. Gari letu ndilo lililombeba bibi hadi makaburini. Baba mkubwa alishuka bandarini Kalundu kesho yake mchana, akakuta mambo yamekwisha, na mbele ya waombolezaji wote akamwambia mdogo wake: "Mama ulimuzika kama vile hana mutoto mukubwa." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa baba. Hakwenda kuliona kaburi, wala hakutaka aelekezwe lilipo.

Ila siku ya kuondoa matanga gari liligoma kuwaka, na wageni waliotoka Mutarule walikuwa wamekaa ndani wanatokwa na jasho. Baba mkubwa alitoka kwake akalisukuma. Kesho yake likagoma tena, akatoka tena. Ikawa hivyo miaka saba. Hapakuwa na jambo jingine lolote ambalo ndugu hao wawili walilifanya pamoja, na mimi, kwa akili zangu zote za chuo, sikuliona. Niliona gari bovu tu.

Na lilikuwa bovu kweli. Baba hubeba samaki wakavu kutoka Kalundu, anawapeleka Bwegera, anarudi na mchele. Njiani humo injini ilikunywa oili kama mgonjwa wa homa anavyokunywa maji. Mimi si mtu wa subira. Siku moja, baada ya kuteleza kwenye tope na kuingia darasani na sketi yenye ramani ya mtaa wetu, nilikwenda moja kwa moja bandarini kwa wauza vipuri, nikachagua injini iliyotolewa kwenye gari dogo la juzijuzi lililopata ajali, nikainunua. Sikumuuliza mtu. Ndivyo nilivyo. Jioni nilimtangazia baba kama mtu anayeleta zawadi, naye akaiangalia ile injini muda mrefu kisha akasema asante kwa sauti ndogo. Nilidhani ni furaha.

Fundi wetu ni mzito wa mwili na mpole wa ulimi, kazi alijifunzia Kigoma. Alisimamisha magogo matatu, akafunga mnyororo wa kunyanyulia, na injini ya zamani ikapanda polepole ikidondosha oili nyeusi. Watu wanne waliishika isiyumbe. Injini mpya, wakati wa kuiingiza, waliiongoza wawili, huku mmoja wao akipiga simu. Mle ndani hakuna kilicholingana na kingine. Fundi alikata vishikizo vya zamani akachomelea vingine, akahamisha rejeta mbele kidogo, na akatandaza waya nyingi hadi kwenye kisanduku kimoja kidogo alichokiita ubongo. Baba alikuja kila siku akakaa juu ya tairi chakavu, akitazama.

Kisha tukafika kwenye giaboksi. Injini niliyoinunua ilikuja na giaboksi yake ya otomatiki, na fundi alikuwa ameshaifunga nusu. Baba akainuka kwenye tairi.

"Otomatiki minye sitaki."

"Papa, hii ni raisi," nikamwambia. "Goti inakuumaka. Hautakanyaga tena embreyaji."

"Nimesema sitaki. Mutafute yenye vitesi ya mukono."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilimwambia kwamba anapenda taabu, kwamba nimechoka kuchekwa, kwamba watu wa umri wake wote ni wakaidi. Nilimsemesha maneno ambayo binti hamwambii baba yake mbele ya mafundi. Alikaa tena juu ya tairi lake, na fundi, bila kunitazama, akaanza kufungua bolti alizokwisha kuzifunga. Tulipoteza wiki mbili kutafuta giaboksi ya mkono inayokubaliana na injini ile.

Katika wiki hizo, jioni moja, mama alikuwa anachambua mchele barazani. Nilikuwa namsimulia jinsi asubuhi zetu zitakavyokuwa tamu: ufunguo, kelele kidogo, kwaheri. Mama akatoa jiwe, akalitupa, akasema:

"Na sasa ikiwaka yenyewe, shemeji yangu atatoka kwake kufanya nini?"

Nilitazama ng'ambo ya barabara, kwenye lango la baba mkubwa. Kesho yake nilikwenda gereji kabla ya masomo nikamuuliza fundi kama baba aliwahi kumwambia sababu ya kukataa otomatiki. Fundi alifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja.

"Papa yako aliniuliza kitu moja tu. Eti, hii gari bado itasukumika? Nikamuambia, yenye vitesi ya mukono, ndiyo. Ya otomatiki, hapana. Hata mukuwe watu kumi, haitawaka."

Nilienda shule nikafundisha kitu, sijui nini. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokurudia unapopiga mswaki.

Gari lilitoka gereji siku ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi baba aligusa ufunguo na injini ikawaka kabla hajaushika vizuri. Jirani mmoja alipiga makofi. Baba mkubwa alikuwa amekwisha kufika langoni kwake na taulo begani. Alisikiliza, akajifuta sikio, akarudi ndani. Jumanne alitoka tena, akasikia, akarudi. Jumatano hakutoka.

Kuanzia hapo baba akawa na tabia mpya. Aliwasha gari, kisha akakaa ndani yake kwa muda mrefu, macho kwenye kioo cha nyuma, kile kinachoonyesha lango la ng'ambo. Alisema injini inahitaji kupata moto. Uvira, jamani, mahali ambapo hata maji ya bomba hutoka ya uvuguvugu. Mimi nilichelewa shule kwa starehe, nimekaa kwenye kiti, viatu mguuni, na sikufurahi hata kidogo.

Nilifanya ujinga. Wiki ya tatu niliamka kabla ya baba, nikafungua boneti, nikalegeza waya wa betri. Nilitaka gari ligome mara moja tu, baba mkubwa atoke, mambo yarudi yalivyokuwa. Baba alizungusha ufunguo: kimya. Nikashuka haraka nikasema, aa, basi tumwite baba mkubwa. Baba alinitazama, akaenda kufungua boneti, akaukaza ule waya kwa vidole vyake.

"Weye unataka nimudanganye yaya yangu?" Yaya, kwetu, ni kaka mkubwa.

"Nataka tu akuye, papa."

"Nilimukosea mara moja. Inatosha."

Akafunga boneti taratibu. Halafu akavuka barabara. Haina upana wowote, ile barabara, mbuzi huivuka bila kuangalia, lakini katika miaka saba sikuwahi kumwona baba akielekea upande ule. Alisimama langoni pa kaka yake, akavua kofia, akapiga hodi. Baba mkubwa akatokea na mswaki mdomoni.

"Yaya," baba akasema, "gari iko inawaka. Haina ubaya wowote. Lakini nakuomba, kuya utusukume."

Sijawahi kumsikia baba akiomba kitu. Baba mkubwa aliutoa mswaki mdomoni, akautazama, akauweka juu ya ukuta. Alivuka barabara mbele ya baba, akaenda nyuma ya gari, akaweka viganja viwili palepale pa siku zote. Mimi nikashika kona ya kushoto. Baba akaketi kwenye usukani, akaachia breki.

Baba mkubwa alisukuma kwa nguvu aliyoizoea miaka yote ile, na gari likamponyoka. Lilikwenda mbele lenyewe, yeye akapepesuka hatua tatu nyuma yake, nusura aanguke. Akasimama. Akatazama viganja vyake, kisha akalitazama gari.

"Imekuwa nyepesi," akasema.

Baba alikuwa amefunga breki. Alijibu kupitia dirishani bila kugeuka.

"Ile ya zamani ilikuwa chuma tupu, yaya. Hii ni aluminiyamu."

"Ehe."

"Ehe."

Baba mkubwa akapangusa mikono kwenye taulo. Alilizunguka gari hadi mlango wa mbele, akaufungua, akakuta kwenye kiti mkoba wangu na viatu vyangu, akanipa vyote viwili. Kisha akaingia. Katika miaka saba ya kulisukuma gari lile hakuwahi kuketi ndani yake.

"Unipeleke pale penye mama analala," akamwambia baba.

Baba alizungusha ufunguo. Samaki wa kwenda Bwegera walibaki wamefungwa nyuma, siku hiyo hawakufika popote. Gari likateremka kuelekea ziwani na wazee wawili ndani yake, na mimi sikulikimbiza. Nilivaa viatu vyangu, nikaenda shule kwa miguu, nimechelewa, nikilia mbele ya wanafunzi wangu bila aibu yoyote.