Seño Linda na Kompyuta Inayosema

Hermelinda Tzul alizaliwa Totonicapán, kwenye nyumba ambayo mlio wa cherehani ulikuwa haukatiki. Baba yake alishona suruali za kuuza gulioni San Francisco, mji wa jirani, mama yake akashikiza vifungo, na watoto wote walijua kwamba wakikua watakuwa mafundi vilevile. Mpaka siku ile baba aliporudi kutoka mjini amenuna. Alikuwa amekwenda kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi za kiwanja, akawekwa kwenye benchi tangu asubuhi, na aliyemweka, alisema, ni kisichana cha rika la Hermelinda, kinapiga taipureta kama mvua ya mawe juu ya bati.

"Huyu wetu naye atapiga," baba akasema, akimnyooshea kidole. "Ikibidi kusubirishwa, basi nisubirishwe na mwanangu."

Hivyo ndivyo Hermelinda alivyofika kwa Don Anselmo, aliyefundisha taipureta kwenye chumba kimoja juu ya duka la dawa. Alikuwa msichana pekee aliyevaa vazi la asili la kwao, sketi nzito ya kufumwa na mshipi kiunoni, na siku za kwanza wenzake walimuuliza kama amekuja kufagia.  Don Anselmo alimkalisha mbele, akachukua aproni, akafunga kamba zake upande mmoja kwenye mashine na upande wa pili shingoni mwake, ikamfunika mikono yote miwili. Kisha akawafunga na wale waliokuwa wakicheka.

"Macho ni ya karatasi," aliwaambia. "Vidole viachieni vyenyewe, vina akili kuliko mnavyodhani."

Darasa zima likaanza kuimba majina ya herufi kwa Kihispania: a, ese, de, efe, ge, eñe, ele, ka, jota, hache. Hermelinda aliimba njia nzima kurudi nyumbani, akichapa kwenye mshipi wake. Kufikia mwisho wa mwaka hakukuwa na aliyemfikia.

Baadaye akawa mwalimu katika shule moja ya sekondari ya biashara, palepale mjini. Alifundisha taipureta, uandishi wa barua za kazi na utunzaji wa hesabu, akavifundisha hadi nywele zikaanza kuingia mvi. Wanafunzi walimwita Seño Linda, yaani Mwalimu Linda, kwa kufupisha jina lake. Ukienda naye benki unachelewa, maana kila dirisha kuna aliyemfundisha. "Seño, pita huku!" "Seño, huyo asikuchukue, foleni yangu ndiyo fupi!" Naye alikuwa akisimama kumsalimu kila mmoja, halafu anamwambia anyooshe mgongo.

Kisha zikaja kompyuta. Mkuu wa shule, Don Evaristo Tax, ambaye naye alipitia aproni ya Seño Linda, alimpa habari kwa adabu zote. Taipureta zitaondolewa. Kozi sasa itaitwa biashara na kompyuta.

"Na mimi?" Hermelinda akauliza.

"Seño, wewe huondoki. Utajifunza tu kidogo, kama sisi sote."

Alijifunza, lakini kwa shida. Kibodi haikumsumbua, kilichomtesa ni kipanya. Alikishika kama mtu aliyeokota kinyonga. Mshale ulimkimbia kwenye skrini, akiufuata unaruka, akiubonyeza yanafunguka asiyoyataka. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja mcheshi, Wilmer Ajpop, aliyekuwa akimwonea huruma na kumcheka kwa wakati mmoja.

"Seño, usikibane hivyo, utakinyima pumzi!"

"Kaa chini, Wilmer. Nikikukamata wewe ndio utajua pumzi ni nini."

Darasa lilicheka, naye alicheka pamoja nao. Lakini jioni, akiwa na dada yake Florinda jikoni, hakucheka. "Nimekuwa kama mgeni kwenye darasa langu mwenyewe," alimwambia. "Mwaka huu ukiisha nastaafu. Bora niondoke wakati bado wananiheshimu."

Wiki hizohizo za Januari, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa, akaja mama mmoja anayeuza uji wa mahindi karibu na soko, Tomasa Chaclán. Alikuwa amemshika mkono binti yake, Delfina, msichana mrefu aliyevaa vazi la kwao limenyooka kabisa. Delfina alikuwa haoni tangu utotoni. Madarasa ya chini alisoma kwa kusikiliza tu, na alama zake zilikuwa nzuri.

"Anataka kozi ya biashara na kompyuta," mama akasema.

Don Evaristo alimtazama Hermelinda, Hermelinda akatazama sakafu. Yeye mwenyewe kompyuta ilikuwa inamshinda, atawezaje kumfundisha asiyeiona?

"Mama Delfina," alisema polepole, "sitaki kukudanganya. Sijui nimfundisheje. Huenda kuna shule ya watu kama yeye, huko mji mkuu..."

"Huko mji mkuu nani atampikia?" mama akajibu. "Na uji wangu nimwachie nani?"

  Delfina akageuza uso upande ilikotoka sauti ya Hermelinda.

"Seño, naomba kuuliza. Wenzangu wakichapa, wanaangalia herufi?"

"Hapana," Hermelinda akajibu bila kufikiri. "Kwangu ni marufuku."

"Sasa mimi nina tatizo gani?"

Don Evaristo alikohoa kuficha kicheko. Hermelinda hakuficha chake. Alisimama, akamshika binti bega, akamwongoza mpaka kwenye kompyuta ya mbele, akaviweka vidole vyake viwili vya shahada juu ya herufi F na J.

"Unasikia nini hapo?"

"Vinundu. Kimoja kila upande."

"Hapo ndipo nyumbani. Ukipotea, rudi hapo."

Don Evaristo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu yake. Kuchapa sawa, alisema, lakini kompyuta ni skrini, na mitihani je? Wakakubaliana ajaribiwe mpaka Pasaka.

Kesho yake Hermelinda alikwenda sokoni kununua kitambaa, na Florinda akashona aproni. Darasa zima lilifunikwa mikono, Wilmer akalalamika kwamba wamerudishwa zama za babu zao. Delfina yeye hakuhitaji aproni, lakini aliidai, asionekane wa pekee. Wiki chache hazikupita, mlio wa kibodi yake ukaanza kuwatangulia wengine.

Ugumu ulikuwa kwenye skrini. Hermelinda alivuta kiti, akakaa kando yake, akawa anamsomea kila kilichotokea. "Sasa kimefunguka kidirisha, kinauliza kama unataka kuhifadhi." Delfina naye hakuacha kitu kipite. Kuhifadhi wapi? Kwa jina gani? Hiyo folda iko ndani ya nini? Mara nyingi Hermelinda hakuwa na jibu, ikabidi alitafute, aulize walimu wa hesabu, asome kitabu cha maelekezo ambacho hadi siku hiyo kilikuwa kikizuia mlango usijifunge. Kwa kuwa hakuweza kumwonyesha mtoto kwa kidole, alilazimika kuelewa kwanza.

Kisha akasikia kwamba mji mkuu kuna chama cha wasioona, na kwamba wana programu inayosoma skrini kwa sauti. Alipanda basi alfajiri, akarudi jioni na diski kwenye mkoba, ameikumbatia kama yai. Walipoiwasha, ikatoka sauti ya mwanamume wa Uhispania, imenyooka, kavu, haina haraka na mtu.

"Mungu wangu, ni padri!" Wilmer akapiga kelele, na tangu hapo programu ikaitwa Padri.

Padri hakujua kutunza siri. Siku moja Wilmer alitumia kompyuta ya mbele, akasahau kufunga alichokuwa akiandika. Delfina alipokaa na kugusa kibodi, Padri akasoma kwa sauti ya ibada mbele ya darasa zima: "Yesenia, tangu nilipokuona na ile sweta ya kijani silali." Yesenia alikuwa amekaa safu ya pili. Sweta alikuwa ameivaa.

"Endelea, Padri!" wakapiga mayowe.

Wilmer alijificha chini ya dawati, wakamtoa kwa kumvuta miguu. Wiki hiyohiyo Hermelinda alinunua visikizi vya masikioni.

Lakini Padri alileta jambo jingine, ambalo Hermelinda hakulitegemea. Delfina hakuwa na haja ya kipanya. Kila kitu alikifanya kwa vidole juu ya kibodi: kufungua, kufunga, kunakili, kuhama kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Hermelinda alimfuatisha, kidole kwa kidole, na siku moja baada ya vipindi akakisukuma kipanya nyuma ya skrini na kuandaa matokeo ya muhula mzima bila kukigusa. Alipomaliza aliilaza mikono mapajani. Chombo kilichomtisha kilikuwa kumbe ni taipureta iliyoongezwa maarifa.

"Delfina," alimwambia siku iliyofuata, "unajua umenifundisha kompyuta?"

"Mimi? Seño, si wewe uliyekuwa unanisomea?"

"Ndiyo. Na nilipokuwa nakusomea ndipo nikajua kusoma."

Pasaka ikaja ikapita, na Don Evaristo hakuligusa tena suala la majaribio. Alijifanya amesahau, nao wakajifanya hawakumbuki.

Katika nusu ya pili ya mwaka wanafunzi walitakiwa kuanzisha biashara ndogo kwa vikundi. Wilmer, Yesenia na Delfina waliamua kuchapisha kadi za mialiko, kwa Kihispania na kwa Kik'iche', lugha ya kwao. Wilmer alikuwa wa mapambo, Yesenia wa kutafuta wateja, Delfina wa maandishi. Kazi ya kwanza ilikuwa harusi ya mpwa wa Don Evaristo mwenyewe, na waliiharibu. Padri hakuyaweza majina ya kwao; aliyatafuna kama mwenye kiazi cha moto mdomoni. Delfina, kwa kuyasikia vibaya, akadhani ameyakosea, akayasahihisha. Kadi zikatoka bwana harusi ana ukoo usiokuwepo duniani.

Bibi harusi alikuja shuleni na kadi mkononi. "Huyu ni nani mnataka kuniozesha?" akauliza.

Delfina alilia siku ile. Hermelinda hakumbembeleza sana. Alimkalisha na kumfundisha kupita neno herufi moja moja, akimlazimisha Padri ataje kila herufi peke yake, akianza na Tzul wake mwenyewe, te, zeta, u, ele, mpaka hakuna jina lililoweza kumponyoka. Walichapisha kadi upya, wakazipeleka wenyewe na kuomba radhi mlangoni. Bibi harusi aliwakaribisha wote watatu harusini, ila alimwambia Wilmer asithubutu kuja na kadi nyingine.

Mwaka wa mwisho, wakati wa mazoezi ya kazi, ofisi mbili zilisema hazina nafasi mara tu ziliposikia habari ya macho ya Delfina. Ya tatu ilikuwa ushirika wa wanawake wafumaji. Meneja wake, Doña Gregoria, hakuwa na uhakika. "Nitampa simu," alisema, "halafu tutaona."

Delfina alipokea simu huku anachapa oda papo hapo, bila kumwambia mteja asubiri atafute kalamu. Akipigiwa na mfumaji wa kijijini alimjibu kwa Kik'iche', akipigiwa na duka la mji mkuu alijibu kwa Kihispania, vidole havisimami. Muda wa mazoezi ulipokaribia kuisha, Doña Gregoria alimpigia Hermelinda. 

"Seño, yule msichana wako..."

"Amekosea nini?"

"Hajakosea. Nataka kujua kama akimaliza shule atabaki kwangu, au kuna mtu ameshamwahi."

Hermelinda alikaa kitako kwenye ngazi za shule, akalia bila kujificha, wanafunzi wanapita wanamwangalia.

Baada ya mahafali, Mama Delfina alifika nyumbani kwake na bata mzinga mzima mzima, miguu imefungwa kwa utepe.

"Mama, huyu ni mkubwa mno," Hermelinda akasema.

"Nilitaka mkubwa zaidi, hawakuwa naye."

Bata alipikwa Jumapili, kwa mchuzi mzito wa pilipili na ufuta, na tamali, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, zikafunikwa sufuriani zisipoe. Walikuja Delfina na mama yake, Don Evaristo, Florinda, na Wilmer ambaye hakualikwa lakini alikuwa na Yesenia, kwa hiyo hakuna aliyemfukuza.

"Sasa unastaafu, Seño?" Don Evaristo aliuliza, mdomo umejaa. "Dada yako aliwahi kuniambia ulisema mwaka huu ukiisha."

"Nilisema mwaka ule. Umenisikia nikisema tena mwaka huu?"

"Hapana. Nilikuwa naomba nisisikie. Kuna baba mmoja amepiga simu kutoka Momostenango. Ana kijana haoni, anauliza kama ni kweli tunawafundisha."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia anipe namba, nitamuuliza mwenye darasa."

Hermelinda aliweka kijiko chini. Alimtazama Delfina, aliyekuwa akimlisha mama yake kipande cha nyama kwa nguvu, mama akikataa huku anakitafuna.

"Mwambie aje," akasema. "Lakini ninunulie visikizi vingine. Nyumba yenye mapadri wawili wanaosoma pamoja haikaliki."

Kabla hawajanyanyuka mezani, Mama Delfina aliwaomba watulie. Hakuwa mtu wa hotuba. Alisema neno moja tu, maltyox, ambalo kwa Kik'iche' ni asante, akalirudia akimgeukia kila mmoja. Alipofika kwa Hermelinda, Hermelinda aliwahi kulisema yeye kwanza.