Mnusa Karatasi

Mwaka 1912 tulikuwa makarani wanne katika boma la Arusha, na watatu kati yetu tulijua kuandika tu. Wa nne, Elisaria, mzaliwa wa kule juu Meru, alijua kusoma hata pasipoandikwa kitu. Ikiletwa karatasi, aliinusa, akaielekeza kwenye jua, akaipapasa mikunjo kwa ukucha. Tulimwita Mnusa Karatasi tukamcheka. Tulikuwa wapumbavu kabisa.

Siku moja akaja Sironka wa Moshono, mtu mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Kaka yake, Loishiye, alikuwa amezikwa miezi mitatu tu iliyopita. Sironka alileta karatasi ya mwaka 1906 yenye alama ya dole gumba, ikisema kwamba marehemu alimpa yeye nyumba na shamba lote la migomba. Maana yake mjane, Namnyaki, atoke na watoto wake watatu kabla ya mvua. Bwana Shauri, Mjerumani aliyesimamia boma na kuamua kesi, aliyeamini chochote kilichochakaa, aliishika ile karatasi nyeusi kwa moshi kama ameshika Biblia.

"Ilikuwa wapi miaka yote hii?" Elisaria akauliza.

"Kwangu, darini juu ya moto," Sironka akajibu. "Niliikunja mara nne siku ileile, sikuifungua mpaka jana."

Elisaria akamgeukia mjane, aliyeitwa naye kusikiliza. "Mama, kuna karatasi yoyote ya mumeo iliyokaa darini kwako?"

Kesho yake Namnyaki akaleta cheti cha ubatizo cha Loishiye, cha mwaka uleule, nacho kimekunjwa. Nje kilikuwa cheusi kama chungu. Elisaria alipokifungua, ndani kilikuwa cheupe. Kisha akaifungua ile ya Sironka. Nje nyeusi, ndani nyeusi, sawasawa pande zote.

"Moshi unapenya," Sironka akasema, jasho likimtoka.

"Shemeji," Namnyaki akamwambia taratibu, "ungekaa jikoni hata siku moja, ungejua. Hii umeianika wazi juu ya moto, kama nyama."

Mzee mzima, ana wake wawili, hajui moshi wa nyumba yake unavyofanya kazi. Amezoea kuletewa chakula nje. Nilimdharau siku ile na ninamdharau mpaka leo.

Shamba likabaki kwa Namnyaki. Bwana Shauri naye akaandika taarifa ya kupeleka Dar es Salaam, kwamba yeye, kwa macho yake makali, ndiye aliyegundua udanganyifu. Akampa Elisaria ainakili kwa mwandiko mzuri. Elisaria akainakili yote, na sisi watatu tukaendelea kuandika kama kawaida yetu.

Wiki iliyofuata Namnyaki akaja bomani na mkungu wa ndizi mgongoni. Bwana Shauri akatoka barazani akitabasamu, mikono tayari kupokea. Namnyaki akampita, akaingia ndani, akautua mkungu miguuni pa Elisaria.