Siku Nilipovuka Uwanja

Harufu ya samli iliyochanganywa na majivu ya mizizi ndiyo iliyoniamsha asubuhi ya maonyesho ya wakulima. Babu alikuwa manju, kiongozi wa chama cha wacheza ngoma ya majembe. Alijipaka dawa hiyo, aliyopewa na mganga, mikononi, pale nyumbani Ngokolo, kisha hakuzungumza na mtu hadi alipoingia uwanjani. Eti ilivuta watazamaji. Nilikuwa na miaka tisa na nilishaanza kuuliza maswali: kama inavuta, mbona mbwa wetu anaikimbia?

Vyama viwili vilicheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watu walihama watakavyo. Jua likizama, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Babu alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo. Akishindwa wa tatu, angekabidhi usinga wa umanju kwa mpinzani wake. Hadi alasiri tulikuwa tunaongoza. Majembe yalirushwa juu yakadakwa, vumbi likatanda, na jirani yetu Mama Kulwa akawapigia kelele wa ng'ambo: “Nendeni mkavune pamba, ngoma imewashinda!” Mara ngoma ya kule ikabadilika. Nikataka kujua wana dawa gani, nikavuka uwanja. Nilipofika katikati nikasikia nyuma yangu, “Jamani, hata mjukuu wa manju anahama!”

“Basi kule kuna jambo. Twendeni!”

Nilipogeuka, Mama Kulwa mwenyewe alikuwa anakaza kanga, anakuja mbio.

Jioni nilimkuta Babu uani akinawa mikono.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba. Umeona dawa yao?”

Kumbe alikuwa ameniona. “Sikuona dawa. Walikuwa na wimbo mpya.”

“Mzuri?”

“Mzuri sana, Babu.”

Akatikisa kichwa, akaendelea kunawa. Kesho yake aliupeleka usinga mwenyewe, kwa miguu. Nyumbani walimlaumu mganga mwaka mzima. Babu hakumtaja mganga, wala hakunitaja mimi.

Mwaka jana nilirudi kwenye maonyesho hayo, nikiwa na shahada na maswali mengi zaidi. Siku hizi vyama hupanda jukwaani kwa zamu, dakika kumi kumi, na vyote hupewa cheti. Watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, simu mkononi. Katikati ya ngoma niliinuka, nikatembea taratibu hadi upande wa pili wa uwanja, nikageuka kutazama. Hakuna aliyenifuata.