Mwezi Alioumeza Faradji

Ukimtaja Faradji pale Kasongo, hakuna aliyekuuliza habari za matofali, ingawa nusu ya kuta za mji alizijenga yeye. Walikuuliza habari za macho yake. Jamani, mtu yule aliona! Akisimama golini aliujua mpira unakokwenda kabla mpigaji mwenyewe hajaamua. Na jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani, wanaume walipopanda kilima nyuma ya msikiti kutafuta mwandamo, wenzake walikodoa macho mpaka yakawatoka machozi, yeye akanyoosha kidole tu: “Ule pale.” Kwa miaka kumi na moja Mwalimu Ramazani, aliyesalisha msikiti, hakutaka shahidi mwingine. Faradji akisema ameuona, ngoma zinalia na kesho yake ni Idd.

Sasa sikia balaa lililompata mwaka wa hamsini na sita, enzi za Wabelgiji.

Mwaka huo timu ya Kasongo iliwapiga Kabambare kwao, mbele ya mama zao, ikachaguliwa kwenda Bukavu kugombea Kombe la Jimbo. Usidhani lilikuwa jambo dogo. Siku hizo mtu mweusi hakujiendea tu anakotaka. Safari ndefu ilitaka karatasi ya bilo, yaani ofisi ya serikali, na bilo ilikuwa na mkono mgumu. Vijana kumi na mmoja, saba Waislamu wa mjini na wanne Wakristo wa misioni, wakaandikwa kwenye karatasi moja. Watu walicheza barabarani kana kwamba kombe limekwisha kuletwa.

Faradji alifurahi kuliko wote, na si kwa ajili ya kombe. Mdogo wake Heri alikuwa Bukavu, mpishi wa mzungu mmoja, na ilikuwa miaka tisa hawajaonana. Mara tatu Faradji aliomba karatasi ya kwenda kumwona, mara tatu akafukuzwa. Sasa Heri alikuwa ameandika barua: bwana wake anahamishwa Leopoldville, mwisho wa dunia, naye anachukuliwa. Wangeondoka kesho ya mechi ya kwanza. “Nitasimama nyuma ya goli lako, kaka,” aliandika, “unirudishie mpira kama zamani.”

Mama yao, Nuru, macho yalikuwa yamekwisha kufunikwa na ukungu. Alisuka mkoba wa ukindu kwa kupapasa, akautia mikate ya Idd.

“Umutazame vizuri mutoto wangu,” alimwambia Faradji. “Usoni, shingoni, mikononi. Urudi unieleze kama amekonda. Mimi sina macho mengine, iko yako tu.”

“Nitakueleza mpaka kucha zake, mama.”

Basi karani wa bilo akamwita Faradji, kwa kuwa ndiye alikuwa kapiteni, wapange kamyo, yaani lori la safari. Karani hakuwa mtu mbaya. Alimwuliza, “Idd yenu ni siku gani? Kamyo linalopeleka pamba niliandike la kesho yake, mule pilau yenu kwanza.”

Na Faradji, kwa kiburi chake cha macho, akajibu papo hapo, “Ijumaa. Kamyo liandike Jumamosi alfajiri.”

Mwalimu Ramazani alipopata habari alishika ndevu. “Faradji, umeuandikia mwezi safari? Mwezi iko karani wako?”

Watu walicheka, Faradji naye akacheka. Hesabu ilikuwa nzuri, mbingu zilikuwa safi juma zima. Ni nani angeogopa?

Alhamisi alasiri mawingu yakaja kutoka upande wa mto, mazito, yakajibanza magharibi kama watu waliokuja kukaa. Kilima kilijaa. Na watu wa Kasongo, ukiwapa nafasi ya kutania, hawakusamehe.

“Leo Faradji atauona hata usipokuwapo!”

“Macho yake leo iko na kamyo ndani!”

“Mwache, bwana, anatafuta Bukavu, hatafuti mwezi!”

Faradji alitabasamu kwa shida, macho hayatoki magharibi. Jua likazama. Halafu mawingu yakaachana kidogo tu, juu ya mchikichi ulioinama, na pale penye upenyo akauona. Mwembamba, umelala, wa kweli. Akapepesa jicho, na wingu likarudi kama lilivyokuwa.

Mdomo wake ulikuwa wazi tayari. Kidole kilikuwa kimeanza kuinuka. Ndipo kile kicheko kikamrudia masikioni, na moyo ukamwuliza: umeuona, au umeutaka? Akaogopa. Akaogopa kwamba atalisha mji mzima mchana wa Ramadhani kwa sababu anamtaka mdogo wake.

“Faradji?” Mwalimu aliuliza, na kilima kizima kikamgeukia.

“Sikuona,” Faradji akasema.

Basi Kasongo ikafunga Ijumaa.

Siku hiyo Faradji alishinda mlangoni pa bilo, midomo imemkauka, akimwomba karani asogeze kamyo walau mpaka adhuhuri ya Jumamosi. Karani akakasirika. “Wewe mwenyewe ulinitajia siku! Pamba inangojwa. Kamyo si la baba yenu.” Lakini dereva, Antoine, alikuwa na huruma kidogo. Alisema atangoja penye misioni jua lichomoze, wasali upesi, waje mbio.

Utasema, si wangeacha sala wakapanda? Haya, wewe kamwambie mama wa Kasongo kwamba mwanawe atakuwa juu ya magunia ya pamba huku wenzake wanapiga takbira! Mji ulikuwa umefunga siku thelathini kamili. Hakuna hata mmoja wa wale saba aliyethubutu.

Jumamosi wakasimama wote saba safu ya nyuma, karibu na mlango, viatu wamevielekeza nje. Mwalimu Ramazani alikuwa mzee, takbira zake hazikuwa na haraka. Mara honi ikalia kutoka misioni. Honi ya pili. Mtu kando yake akageuza macho mlangoni. Ya tatu ikalia, ndefu sana, kisha mngurumo, kisha mngurumo ule ukaanza kupungua.

Walipotoa salamu walitoka mkuku na kanzu zao mpya wamezishika magotini. Walilikuta vumbi; wale wanne wa misioni walikuwa wamekwisha kuchukuliwa. Karatasi ya ruhusa, ile moja iliyoandikwa majina yote, ilikuwa mfukoni mwa Antoine njia ya Wamaza. Mwenye nguvu akakimbia mpaka darajani. Faradji hakukimbia. Alikaa chini barabarani na mkoba wa mikate mapajani, hasikii anayemsemesha. Watu walimpita na nguo zao za Idd wakadhani ameugua.

Mji ulipigwa na butwaa. Idd gani ile! Pilau zilipoa kwenye sinia, ngoma zilizoazimwa Nyangwe zikarudishwa bila kupigwa. Baada ya juma moja karani akabandika tangazo: Kasongo imefutwa Kombe la Jimbo miaka mitatu, nafasi yake miaka hiyo wapewe Kabambare. Wapewe wale wale waliopigwa mbele ya mama zao! Nyavu za goli zikavuliwa, mbuzi wakaachiwa uwanja. Wakristo wakasema Waislamu wametuharibia, Waislamu wakasema wale wenu wanne wangeng'ang'ania gurudumu kamyo lisiondoke, na vijana waliokuwa wakinywa maji kikombe kimoja wakapishana sokoni bila salamu.

Siku ya kumi na tano akarudi Dominique, winga wa kushoto, mmoja wa wale wanne. Huyu hakuwa na kinyongo. Alikwenda moja kwa moja uani kwa Mama Nuru, akakaa kwenye kigoda, Faradji akiwa anachanganya udongo kando yake.

“Mama, nilimuona Heri.”

Nuru akaweka mikono yote miwili kifuani. “Sema, mutoto wangu.”

“Tulikuwa wane tu, wakatukataza kucheza. Saa ya mechi yetu refa alipuliza filimbi, uwanja hauna mutu, akawapa wapinzani ushindi. Lakini nyuma ya goli iko mwanaume mumoja amesimama, shati jeupe, kofia mkononi. Watu wakaondoka, yeye hatoki. Nikamwendea. Akaniuliza, ‘Kaka yangu amekufa?’”

“Ee Mungu wangu!”

“Nikamwambia hapana, iko mzima, kamyo liliwaacha kwa ajili ya Idd. Akanishangaa. Akasema, ‘Idd ya Jumamosi? Sisi hapa tulisali Ijumaa. Mwezi ulionekana Alhamisi, kila mutu aliuona.’ Asubuhi yake alipanda gari la bwana wake. Alilia, mama. Sikufichi.”

Jembe la Faradji lilikuwa limesimama ndani ya udongo. Nuru aligeuza uso wake taratibu mpaka ukamwelekea, ingawa hakuweza kumwona.

“Faradji. Mwezi ulionekana Alhamisi?”

Faradji akachomoa jembe, akalichomeka tena.

“Nakuuliza wewe, mwenye macho. Uliuona?”

“Niliuona, mama.” Sauti ilimtoka ndogo. “Juu ya mchikichi ulioinama. Niliuona waziwazi, nikajidhania nimeutaka.”

Dominique alisimama, akakaa tena.

“Tumefunga siku ya Idd,” alisema Nuru. “Mji muzima. Na Heri wangu amesimama peke yake mpaka uwanja umeisha watu. Uliuona, na ulinyamaza!” Kisha akapapasa ukuta, akainuka. “Nenda kwa Mwalimu umuambie. Nenda sasa hivi, ama nitakwenda mimi.”

Alikwenda. Ijumaa, mbele ya safu zote, Mwalimu akamsimamisha, naye akayarudia maneno yale yale. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wangemtukana. Wale wachezaji sita walimtazama tu, na mmoja akaanza kulia kwa sauti.

Mwaka uliofuata, jioni ya ishirini na tisa, kilima kilijaa tena. Mbingu zilikuwa safi. Faradji alisimama nyuma kabisa, mama yake ameshika kiwiko chake. Jua lilipozama tu aliuona, kabla ya wote, kama zamani, na safari hii hakungoja hata pumzi moja.

“Ule pale!”

Watu wakamgeukia, kisha wakamtazama Mwalimu Ramazani. Mzee akashika ndevu.

“Tungoje mwingine aone,” akasema.

Wakangoja. Faradji hakushusha kidole chake, na mama yake hakumwachia kiwiko.