Nilifuta PDF za mke wangu kabla ya kuzifungua EPUB

Wakuu, amani iwe kwenu. Mimi ni mzee wa Ng'ambo, Unguja, mstaafu. Haya yamenitokea mwenyewe, na kosa ni langu peke yangu.

Mke wangu, Bi Zuwena, macho yamempungua nguvu. Nikampangia vitabu vyake kwenye tableti. Vingi vilikuwa PDF, ukikuza herufi mstari unatoka nje ya kioo. Nikajifunza kuvigeuza kuwa EPUB, ambayo ukikuza herufi mistari hujipanga upya, nikaanza na kimoja.

Siku hiyo alisoma mpaka wali ukaungua.

Basi nikageuza vyote kwa mkupuo. Kuona kila kitabu kina nakala mbili nikaudhika, nikafuta PDF zote, na pipa la taka nikalimwaga.

Sikufungua hata EPUB moja kuhakikisha.

Humo mlikuwa na daftari la marehemu mama yake: dua, dawa za mzazi, mapishi, maneno yake mwenyewe. Daftari lilishaliwa na mchwa, zilibaki picha za kurasa tu, nazo ndizo zilizokuwa kwenye PDF. Na mama yule, kama wazee wetu wengi, aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Mimi kwenye programu ya kugeuza, inayosoma maandishi ya kwenye picha, pa lugha nilichagua Kiswahili. Nayo ikatafuta a, b, ch. Ikatoa nukta, namba na mabano.

Asubuhi akaniita.

"Naam."

"Baba Salim, mama yangu umemtia wapi?"

"Yumo humo, fungua vizuri." (Nakiri, nilianza kwa kujitetea.)

"Hebu nsomee wewe."

Nikatazama. "Nshafuta," nikasema.

Hakugomba. Alizima tableti akaenda kulala mchana kutwa. Bora angenigombeza.

Fundi wa Darajani naye alishindwa kuzirudisha PDF.

Sasa kila baada ya laasiri yeye anasema anayoyakumbuka ya daftari, mimi naandika. Mengi yamepotea, sidanganyi. Jana tulifika kwenye mkate wa kumimina, nikaandika "mchele kikombe kimoja".

"Mama hakupimia kikombe, alipimia kibakuli. Futa! Kufuta si ndiyo kazi yako?"

Akacheka. Mara ya kwanza tangu siku ile. Nikafuta, nikaandika "kibakuli".

Wakuu, geuza upendavyo, lakini faili la asili usiliguse mpaka umefungua jipya na kulisoma.

Mwenye kujua programu inayosoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu aniambie, kwani dada yake Bi Zuwena aliyeko Paje ana barua chache za mama yao. Na wa kunisema waniseme, ila wajue Bi Zuwena keshawatangulia.