Msitu wa Mfaume

Mfaume alirina asali katika misitu ya miyombo upande wa Tura tangu ujana wake. Baba yake alimfundisha kubandua gome la mti na kulikunja kuwa mzinga. Mti uliobanduliwa ulikauka, wakahamia mwingine. Miaka michache baada ya uhuru, Mfaume alikuwa akitembea kutwa nzima kabla ya kufika penye mti wa kufaa. Ndipo bwana nyuki wa serikali alipokuja na mizinga ya mbao, naye akawa wa kwanza kuipokea. Aliacha kubandua magome na akaacha kurina kwa mwenge. Wenzake walimcheka, kisha mmoja mmoja wakaja kuuliza mbao zinapigiliwaje.

Operesheni ya vijiji ilipofika, watu wa kitongoji chake walikataa kuhama. Walisema wakiishi mbali na msitu, nyuki watakuwa wa mwizi. Mwenyekiti wa kijiji kipya cha kando ya reli alikuwa Nikolaus, kaka wa mke wa Mfaume. Alikuja akaketi kwake, wakala pamoja.

"Shemeji," alisema, "kule kuna kisima, kuna zahanati. Na msitu wenu hautaguswa. Utakuwa wa kijiji kizima, chini ya mkono wako."

"Unaniahidi?"

"Mimi ni ndugu yako. Nikudanganye nipate nini?"

Mfaume aliezua paa lake mwenyewe. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wengine. Bibi Nunu, aliyekuwa amezika watoto wawili nyuma ya nyumba yake, alimsikiliza mpaka mwisho. "Ningeambiwa na mwingine nisingeondoka," alisema. "Nakwenda kwa neno lako." Mfaume akambebea mitungi yake.

Kiangazi kilichofuata, Mfaume alikwenda kukagua mizinga. Kabla hajafika alisikia mashoka. Miyombo ilikuwa imelala chini, na mizinga yake imewekwa kando kwenye jua, nyuki wamekwisha hama. Wakataji walikuwa vijana wa kijiji chake mwenyewe. Walimwambia ni kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, na kwamba mwenyekiti ndiye aliyewaonyesha mipaka.

Alimkuta Nikolaus kwenye bani jipya, akisimamia upigaji udongo.

"Ulijua lini?" Mfaume aliuliza.

Nikolaus hakujifanya kutoelewa. "Kabla ya kuja kwako. Tumbaku ilikwisha pangwa. Ningekuambia usingehama, na wewe usipohama, nani angehama?"

"Kwa hiyo ulitaka mdomo wangu tu."

"Nilitaka watu wapate maji, shemeji. Wameyapata."

Mfaume alijua maji yalikuwapo kweli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Jioni Bibi Nunu alimwita. Hakumlaumu kwa sauti. Alimwuliza tu, "Mwanangu, nawe ulijua?" Mfaume aliapa kuwa hakujua. Bibi aliitikia kwa kichwa taratibu, lakini tangu siku hiyo akaacha kumtuma chochote.

Mfaume alikusanya mizinga iliyobaki akaipeleka mbali, ng'ambo ya mbuga, ambako gari la kuni lisingefika. Damas, mrina asali mwenzake, na wengine wachache walimfuata. Waliwekeana sharti: hakuna kubandua gome, hakuna kukata mti mbichi. Hawakumpa mwenyekiti habari. Mkewe Mfaume aliendelea kumtembelea kaka yake, naye hakumkataza, ila yeye mwenyewe hakukanyaga tena uani pale.

Baada ya miaka kadhaa kuni zikaisha, na mabani mengine yakabaki bila moto. Nikolaus akaja, mvi zimemjaa, akaketi bila kukaribishwa.

"Shemeji, wanasema ng'ambo ya mbuga bado kuna msitu."

Mkewe Mfaume alileta maji ya kunywa. Mfaume alimngoja mgeni anywe, akapokea kata, akaiweka chini.

"Wanasema," alijibu, kisha akamwuliza habari za watoto.